Sukari ya damu ya kondoo hutoka wapi, na kwa nini kuipima peke yake hakutoshi

Swali: Daktari, shikamoo. Nasomea uzalishaji wa mifugo. Mwalimu wetu alisema kondoo mzima karibu hafyonzi glukosi yoyote kutoka utumboni, kisha akaenda mada nyingine. Lakini damu ya kondoo ina glukosi. Inatoka wapi? Watafiti walijuaje? Na yaliyogunduliwa kwa kondoo, naweza kuyachukua kama yalivyo nikayatumia kwa ng'ombe, mbuzi, farasi au hata binadamu? Nauliza kwa sababu nataka kulinganisha vyakula viwili vya kondoo wenye mimba kwa kupima glukosi ya damu.

Jibu: Marahaba. Mwalimu wako hakukosea, ila alikuacha njiani. Glukosi iliyomo kwenye damu ya kondoo mzima hutengenezwa na ini lake mwenyewe, likisaidiwa kidogo na figo. Hutengenezwa usiku na mchana kutokana na malighafi ambazo hazikuwa glukosi. Ukilishika hilo, swali lako la kwanza limekwisha. La mwisho, la kuchukua matokeo ya mnyama mmoja na kumvisha mwingine, ndilo lenye mitego, na hapo nitakaa kidogo.

Tuanze na chakula. Majani yakifika kwenye rumeni, lile tumbo la kwanza na kubwa kuliko yote, hayakutani na vimeng'enya vya kondoo. Yanakutana na bakteria, protozoa na kuvu. Hao ndio wanaokula kwanza. Selulosi, wanga, hata sukari nyepesi, vyote huchachushwa humo. Zinazobaki ni asidi tete za mafuta, hasa tatu: asetati, propionati na butirati, pamoja na gesi ambayo kondoo huicheulia hewani siku nzima. Kondoo anayekula majani makavu, asetati huwa karibu theluthi mbili ya asidi hizo, propionati huwa moja ya tano, na butirati sehemu kubwa ya iliyobaki. Ukimwongezea nafaka, propionati hupanda. Kwa jumla asidi hizi humpa mnyama anayecheua karibu asilimia 70 ya nishati yake.

Sasa angalia asidi hizo moja moja, maana hazina kazi sawa. Asetati ni mafuta mazuri ya kuchoma na malighafi nzuri ya kujenga shahamu, lakini mnyama hana njia ya kuigeuza ikampa glukosi ya ziada. Butirati nyingi hubadilishwa kuwa ketoni, vitu ambavyo mwili huvichoma badala ya glukosi, humo humo kwenye ukuta wa rumeni kabla haijalifikia ini. Inabaki propionati. Hii ina kaboni tatu, huingia kwenye ini, hupita hatua chache za kikemia na kutokea upande wa pili ikiwa glukosi. Kwa makadirio mengi ya watafiti, propionati huchangia kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya glukosi yote ya kondoo, kutegemea alichokula. Iliyobaki hutoka kwenye asidi amino, laktati, na gliseroli inayoachwa mafuta ya mwili yakivunjwa.

Kuna jambo huwashangaza wanafunzi wengi. Kwetu sisi binadamu, ini hutengeneza glukosi kwa bidii tukiwa na njaa, kisha hupunguza kasi tukishakula. Kwa kondoo mambo ni kinyume: ini lake hutengeneza glukosi nyingi zaidi akiwa ameshiba, kwa kuwa ndipo propionati inapofika kwa wingi. Na kiwango chake cha kawaida ni cha chini, miligramu 50 hadi 80 hivi kwa kila mililita 100 za damu. Usimwone ana 55 ukadhani anaumwa.

Na huyo huyo kondoo hakuzaliwa hivyo. Mwanakondoo anayenyonya ana mfereji unaojikunja na kupitisha maziwa pembeni mwa rumeni, moja kwa moja hadi tumbo la nne. Laktosi humeng'enywa utumboni, glukosi hufyonzwa, na sukari ya damu yake hukaribia ya mtoto wa binadamu. Wiki zinavyopita, anapoanza kutafuna majani na rumeni kukomaa, kiwango hushuka na ini hushika kazi. Kwa hiyo hata ukisoma utafiti "wa kondoo", swali lako la kwanza liwe umri wake.

Sasa walijuaje? Kwamba selulosi huchachushwa ikatoa asidi, Tappeiner wa Ujerumani alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1880. Ubishi ulikuwa juu ya kinachofuata. Ukuta wa rumeni ndani ni mgumu, umepangwa tabaka juu ya tabaka kama ngozi, na wengi waliona haiwezekani ukafyonza kitu cha maana. Mwaka 1944 huko Cambridge, Joseph Barcroft, McAnally na Phillipson walilimaliza kwa njia iliyo rahisi kuisimulia na ngumu kuifanya. Walichukua damu kwenye mishipa inayotoka sehemu mbalimbali za mfumo wa chakula wa kondoo, wakapima asidi tete katika kila moja. Damu iliyotoka kwenye rumeni ilikuwa na asidi hizo kwa wingi, na ya utumbo mwembamba kidogo sana. Ukuta ule unaofanana na ngozi ulikuwa unafyonza, tena sana. Wenzao waliendelea na farasi, nguruwe na sungura, wakazikuta asidi zile zile, ila zimekusanyika nyuma, kwenye utumbo mpana.

Mimi naona jaribio lile lilibadilisha zaidi ya jibu moja. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya elimu ya lishe ya mifugo ilikuwa ya kupima kinachoingia mdomoni na kinachotoka nyuma, kutoa hesabu, na kusema tofauti imetumika. Njia hiyo ina heshima yake na bado tunaihitaji. Lakini kwa mnyama anayecheua haikuambii kilichofyonzwa ni kitu gani. Unaweza kujua gramu 600 za chakula zimemeng'enywa, usijue kwamba hakuna hata gramu chache za glukosi zilizovuka ukuta wa utumbo.

Hatua iliyofuata ilikuwa isotopu, yaani atomi za elementi ile ile zenye uzito tofauti, zinazoweza kutumika kama alama. Kaboni-14 ilipopatikana maabara baada ya vita ya pili ya dunia, watafiti waliweza kutia alama propionati au glukosi na kuifuatilia. Bergman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell walipachika mipira myembamba kwenye mishipa mikubwa ya kondoo: ule unaoingiza damu kwenye ini kutoka matumboni, ule unaoitoa, na mshipa wa ateri. Kondoo ni mnyama mtulivu. Akipona upasuaji husimama akitafuna huku damu ikichukuliwa mara kwa mara. Ukijua kiasi cha damu kinachopita kwa dakika na tofauti ya glukosi kati ya damu inayoingia na inayotoka, unajua kila kiungo kinatoa au kinachukua. Matumbo na utumbo vilionekana havitoi glukosi. Mara nyingi vilikuwa vinaichukua. Ini ndilo lililokuwa linatoa. Kwa kondoo jike asiye na mimba wala maziwa, mzunguko mzima ni gramu 100 hivi kwa siku.

Shika tofauti hii, kwa sababu mpango wako unategemea: kiwango na mtiririko si kitu kimoja. Kondoo wawili wanaweza kuwa na miligramu 60 sawasawa, mmoja ini lake linatoa gramu 90 kwa siku na mwingine gramu 170, kwa kuwa huyo wa pili ana watoto wawili tumboni wanaoinyonya glukosi kila inapotoka. Sindano moja ya damu haiwezi kukuonyesha hilo.

Hata isotopu zina hila zake. Propionati yenye alama ikiingia kwenye ini, kaboni zake hupita mahali ambapo kaboni nyingine nyingi zinapishana, na alama nyingine hupotea njiani bila glukosi kupungua. Ukihesabu kwa pupa utapata mchango wa propionati ulio mdogo kuliko ukweli. Ndiyo maana makala mbili nzuri zinaweza kutofautiana sana kwa namba hiyo moja bila mwandishi yeyote kuwa mwongo.

Ukitaka kuona uzito wa njia hii ya propionati, acha glukosi kidogo uangalie kobalti, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana. Huko Australia Kusini na Australia Magharibi kulikuwa na maeneo ambayo kondoo na ng'ombe walikonda hadi kufa huku wakiwa wamesimama kwenye malisho mabichi. Walikosa hamu ya kula na wakaishiwa damu. Kwa kuwa damu ilipungua, watu walifikiri ni chuma, na kweli madini ya chuma yaitwayo limonaiti yaliwaponya. Lakini Eric Underwood na Filmer, Australia Magharibi, waliona mambo mawili yasiyokaa sawa. Kiasi cha limonaiti kilichohitajika kilikuwa kikubwa kupita kiasi cha chuma ambacho mnyama yeyote angekihitaji, na maini ya wagonjwa hayakuwa na upungufu wa chuma. Yalikuwa nacho tele. Wakaitenganisha limonaiti sehemu kwa sehemu, wakatoa chuma, wakawapa wanyama kilichobaki. Walipona. Kilichokuwa kikitibu ni uchafu uliomo kwenye dawa: kobalti. Hiyo ilikuwa 1935, na mwaka huo huo huko Adelaide, Marston na Lines walifika hapo hapo kwa njia yao.

Ajabu ilibaki. Kobalti ikipitia mdomoni hutibu. Ikichomwa kwenye damu karibu haifanyi kitu. Kama ni ya kondoo, kwa nini damu haiitaki? Jibu lilingoja hadi 1948, vitamini B12 ilipotengwa na kukutwa na kobalti katikati yake. Kobalti inahitajiwa na vijidudu wa rumeni, nao ndio wanaounda B12 na kumpa kondoo. Baada ya miaka michache ikaonekana kwamba B12 yenyewe ikichomwa kwa sindano humponya kondoo mgonjwa wa kobalti.

Halafu ikaja sehemu inayokuhusu wewe. B12 inafanya nini ndani ya ini? Moja ya kazi zake ni kukiwezesha kimeng'enya kinachoisukuma propionati hatua ya mwisho kabla haijaingia kwenye mzunguko utakaoifikisha kuwa glukosi. Marston na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba kondoo aliyepungukiwa B12 anashindwa kuiondoa propionati kwenye damu kwa kasi ya kawaida. Propionati inapokwama, asidi ya methilimaloni hulimbikizana, na hadi leo maabara huipima kutambua upungufu huo. Kwenye malisho yale yale yaliyowaua kondoo, farasi walinawiri. Farasi hufyonza glukosi ya kutosha kwenye utumbo mwembamba na hategemei propionati kwa kiasi hicho.

Unaona jinsi swali dogo la glukosi linavyovuta kamba ndefu: udongo, nyasi, kijidudu, vitamini, kimeng'enya, ini. Kobalti inayohitajika kwenye chakula ni miligramu 0.1 hivi tu kwa kila kilo ya chakula kikavu.

Protini nayo ina kisa chake, nitakipitia haraka. Mwaka 1963 Reis na Schinckel wa Australia walimpa kondoo protini ya maziwa, kaseini, lakini waliimimina kwenye tumbo la nne badala ya kumlisha. Sufu iliota kwa kasi kubwa kuliko kawaida, na asidi amino zenye salfa peke yake pia ziliongeza sufu. Kaseini hiyo hiyo ukimlisha mdomoni, vijidudu huivunja kwanza wakatoa amonia, na faida kwenye sufu huwa ndogo. Kila mtu anayeuza au kununua chakula cha kondoo kwa kuangalia asilimia ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko angesoma kisa hicho kabla hajalipa.

Tuje kwenye wanyama wengine. Mbuzi na ng'ombe wako upande mmoja na kondoo: rumeni ileile kimsingi, ini lenye kazi ileile. Mengi tunayoyajua juu ya kiwele yalitoka kwa mbuzi. Linzell na Annison, Uingereza, walipima damu inayoingia na kutoka kwenye kiwele cha mbuzi aliye macho, na kiwele cha mbuzi anayekamuliwa kilionekana kuchukua theluthi mbili au zaidi ya glukosi yote ya mwili, nyingi ikienda kutengeneza laktosi. Ng'ombe wa maziwa ni hivyo hivyo kwa kipimo kikubwa. Kanuni inahama vizuri, namba hazihami.

Lakini hata ndani ya wanaocheua kuna mahali pa kuvunjika mguu, na mfano ninaoupenda ni shaba. Ng'ombe huvumilia shaba kwa kiasi ambacho kondoo hakiwezi. Ini la kondoo huishika shaba na huitoa kidogo sana kwa njia ya nyongo. Hujikusanya miezi mingi mnyama akiwa na afya njema machoni, kisha siku moja ini huiachia, chembe nyekundu za damu hupasuka, macho huwa ya njano, mkojo huwa mweusi, na siku chache baadaye unachimba shimo. Chakula cha nguruwe au cha ng'ombe kimeua kondoo wengi kwa njia hii. Mbegu zenyewe hazilingani: Texel hukusanya shaba kwa urahisi, Scottish Blackface si sana, na kondoo wa kisiwa cha North Ronaldsay, waliozoea kula mwani wenye shaba kidogo, hudhurika kwa kiasi ambacho wengine hawakihisi. Kinyume chake pia kipo: molibdeni na salfa zikikutana kwenye rumeni huifunga shaba, mnyama akapungukiwa ingawa malisho yana shaba ya kutosha. Kwa mnyama asiyecheua mfungo huo hautokei kwa namna ile.

Farasi na sungura huchachusha nyuma, baada ya utumbo mwembamba. Wanga na sukari wanavipata wao kwanza, vijidudu baadaye. Kwa hiyo usimpelekee farasi hitimisho lolote la glukosi lililotoka kwa kondoo. Protini ya vijidudu kwa farasi nyingi hupotea kwenye kinyesi. Sungura amelitatua tatizo hilo kwa kula kinyesi chake laini cha usiku.

Mnyama anayefanana na kondoo kwa hili, utacheka, ni paka. Paka anayekula nyama tupu hapati glukosi ya maana utumboni, na ini lake huitengeneza muda wote kama la kondoo. Tofauti ni malighafi: paka hutumia asidi amino, na vimeng'enya vyake vya kuzivunja havipunguzi kasi sana hata protini ikipungua kwenye chakula. Ndiyo maana anahitaji protini nyingi kuliko mbwa.

Kuhusu binadamu, kondoo ametufundisha mengi juu ya mimba, maana mtoto wake tumboni ana ukubwa unaokaribia wa kwetu na mipira inaweza kuachwa kwenye mishipa yake kwa siku nyingi. Lakini pima damu ya mtoto huyo na utakuta fruktosi nyingi kuliko glukosi, kwa kuwa kondo la nyuma la kondoo hugeuza sehemu ya glukosi ya mama kuwa fruktosi. Kwa mtoto wa binadamu haiko hivyo. Anayetaka kutumia matokeo ya huko lazima alijue hilo kwanza.

Sasa utafiti wako. Sikukatazi kupima glukosi, ila usiitegemee peke yake. Mwili hupigania kukilinda kiwango hicho. Kikiwa kimeshuka waziwazi, mama amekwisha kuelemewa. Katika wiki sita za mwisho mtoto hupata sehemu kubwa ya uzito wake, na mama mwenye mapacha akikosa glukosi huvunja mafuta yake kwa wingi hadi ketoni zikafurika. Huo ndio ugonjwa unaowaua wenye mapacha siku za mwisho. Ketoni aina ya beta-hidroksibutirati hupanda mapema, kwa hiyo ipime pamoja na glukosi. Ukiweza kupata maji ya rumeni, pima uwiano wa propionati na asetati. Huko ndiko tofauti ya vyakula vyako viwili itakapoanza kuonekana. Jua idadi ya watoto tumboni kwa ultrasaundi kabla ya kuyagawa makundi, la sivyo utalinganisha mapacha na mtoto mmoja ukidhani unalinganisha vyakula. Kumbuka pia kwamba butirati ya chakula yenyewe huongeza ketoni baada ya kula. Chukua damu saa ileile kila mara, kabla ya mlo wa asubuhi, bila kumkimbiza mnyama, maana hofu peke yake hupandisha glukosi. Iweke kwenye chupa yenye floridi na kwenye barafu, kwa sababu chembe za damu huendelea kuila glukosi ndani ya chupa.